Udhuru wa Kila Mashua

Mpimaji hakuliamini jicho, lake wala la mtu mwingine. Ukimwambia mashua ile ni ndefu, alikuuliza: ndefu kuanzia wapi hadi wapi? Ukimwambia bwana fulani ni mtu mwema, alinyamaza kidogo, kama anayesubiri umtajie na vipimo.

Nilifanya naye kazi miaka tisa katika klabu ya matanga ya Moroni, mimi karani, yeye mpimaji wa mashua. Jina lake ni mali ya watoto wake, nami sikuwaomba ruhusa. Nitamwita kwa kazi yake, kama tulivyomwita wote, kuanzia mlinzi wa gati hadi wake wa madaktari wa Kifaransa. Nina sababu ya kumwandika. Katika daftari la klabu ile kulikuwa na nambari moja isiyo sahihi, na kwa sababu yake, au kwa sababu ya namna ilivyolindwa, mdogo wake alikaa kizuizini miezi kumi na moja.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Yoti za klabu yetu hazikujengwa kwa mashindano. Zilikuwa nyumba ndogo zenye matanga: zina vitanda, jiko, matangi ya maji, nanga na mnyororo wake. Daktari mmoja alikuwa na ya mbao, nzito kama kabati la arusi. Mfanyabiashara wa vitambaa alikuwa na nyingine, fupi na nene. Na tangu mwaka 1978, walipokuja wale askari wa kukodiwa wa Kizungu na kujifanya walinzi wa Rais, maofisa wao nao walinunua zao, ndefu na nyepesi, kutoka kwa wasafiri waliopita wakielekea Afrika Kusini.

Vyombo kama hivyo huwezi kuvishindanisha kwa kuangalia tu nani katangulia kufika. Kwa hiyo kila mashua ilipewa nambari. Ilipimwa urefu, upana, kina, matanga, hata rafadha ya injini. Vipimo viliingizwa katika hesabu ndefu iliyokuwa ndani ya kitabu kutoka Ufaransa, na mwisho wa hesabu ilitoka nambari. Siku ya mashindano, muda ambao mashua imetumia ulizidishwa kwa nambari yake. Nyepesi ilipewa nambari kubwa, nzito ilipewa ndogo. Ndiyo maana aliyetia nanga mwisho aliweza kupewa kikombe, na aliyetangulia akarudi kwake mikono mitupu.

Mpishi wa klabu, mtu wa Vouvouni, hakuweza kulimeza jambo hili. Siku moja, daktari alipotangazwa mshindi ilhali alifika watu wakiwa wameshakula, mpishi alikuja na sahani mkononi akataka aelezwe wizi huu unaitwaje.

"Mwaka ule ulipopata homa Ramadhani, ulifunga?" Mpimaji akamuuliza.

"Sikufunga."

"Mimi nilifunga. Je, nilikushinda?"

Mpishi alifikiri. "Hukunishinda. Nilikuwa na udhuru."

"Basi. Na daktari ana jiko la chuma, matangi mawili, na mke anayesafiri na cherehani. Nambari ni udhuru wake, ila huu umeandikwa."

Tangu siku ile sisi wafanyakazi tuliacha neno la Kifaransa la nambari ile. Tulisema udhuru. Udhuru wa mashua ya daktari ni ngapi? Luteni amepewa udhuru gani? Wenyewe Wazungu walilizoea wakalitamka vibaya. Mpimaji alilipenda neno lake, lakini aliongeza sharti: udhuru wa chombo hupimwa, na usiopimwa ni uvivu. Aliposema hivyo hatukupenda kutazamana. Miaka ile kila mtu mjini alikuwa na wake usiopimwa. Dereva aliyewaendesha Wazungu wa kambini alikuwa na watoto sita. Karani wa wizara alikuwa na mama mgonjwa. Mimi mwenyewe nilikula mkate wa klabu ambayo nusu ya wanachama wake walikuja na bastola kiunoni, na udhuru wangu ulikuwa kwamba nilirudi kutoka Unguja bila cheti chochote kinachosomeka hapa.

Wenye mashua walimwogopa zaidi ya walivyomwogopa mkuu wa bandari. Kanuni ilitaka matangi yawe matupu wakati wa kupima, kwa sababu maji huzamisha mashua na kubadilisha urefu wake majini. Mkandarasi mmoja alificha madumu manne ya maji chini ya kitanda cha omo. Mpimaji hakumwuliza kitu. Alisimama gatini, akaitazama mashua ilivyoinamisha pua, akaomba bilauri. Alipoletewa, aliingia ndani, akarudi nayo imejaa, akamnywesha mkandarasi mbele ya watu. Siku nyingine mke wa mfamasia alitoa magodoro yote ili mashua ielee juu, urefu wake majini upungue na nambari ipungue nao. Mpimaji alikaa juu ya kreti akasema atasubiri hadi yarudi. Chombo cha safari kisicho na godoro, alisema, ni boriti.

Lakini mtu huyu aliyejua kila mkuku wa bandari ile hakujua kuogelea. Alivaa viatu vya ngozi hadi ndani ya mtumbwi, suruali ameikunja mara mbili sawasawa. Hakuwahi kutazama mashindano hata mara moja. Siku ya mashindano alibaki nyumbani kwa mkewe kule Mvouni, akipalilia mihogo iliyopandwa kwa kamba, mstari kwa mstari. Kazi yangu, alisema, huisha kabla bunduki haijalia.

Nyumbani kwa baba yake alikuwa mtu mwingine. Hakuwa amefanya ndoa kubwa, ile ya ng'ombe na dhahabu ambayo Ngazija humfanya mwanamume kuwa mtu mzima, kwa hiyo katika uwanja wa kijiji, akiwa na miaka hamsini na mvi, alihesabiwa miongoni mwa vijana. Aliambiwa asogee. Aliambiwa alete maji. Alikuja kazini Jumatatu akasema, bila hasira, kwamba jana alisimama saa mbili kwa sababu kiti alichokuwa amekalia kilikuwa cha mtu mzima wa miaka thelathini.

Tena alikuwa wa Majunga, kule Madagaska. Alikulia huko, akajifunza useremala wa mashua huko, akarejeshwa mwaka 1977 pamoja na maelfu waliookoka Wakomoro walipouawa huko. Watu wa hapa waliwapa wale jina la shirika la ndege lililowaleta, kama vile ni mizigo. Kuna mama mmoja wa Volo Volo, muuza samaki, ambaye Mpimaji alikuwa na desturi ya kumsahihishia jiwe la mizani. Siku moja alichoka naye.

"Enyi watu wa Majunga," alimwambia kwa sauti ya soko zima, "huko kwenu mlipima nini, hata mkafukuzwa?"

Watu walicheka. Mpimaji alichukua samaki wake, akaondoka, na wiki tatu hakwenda Volo Volo. Yule mama ndiye aliyemtafuta, akampelekea jodari hadi klabu, akamwambia, "Fundi, njoo unitukane na mimi." Akaenda. Lakini jiwe la mizani hakulitazama tena.

Majunga ilikuwa imebaki mahali pamoja ndani yake, nayo ni hesabu. Alizungumza nasi lugha ya Ngazija, na Kifaransa cha bandarini, na Kiswahili kidogo na mimi. Utepe ukiwa mkononi, alihesabu Kimalagasi. Na Wamalagasi hutaja mamoja kabla ya makumi: ishirini na tano kwao ni tano juu ya ishirini. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Yeye alitaja kwa Kimalagasi akiwa chini ya tezi, mimi nikarudia kwa lugha yetu, makumi kwanza, yeye akaitikia, ndipo nikaandika. Sikuandika kabla hajaitikia. Katika miaka tisa nilivunja utaratibu huo mara moja tu.

Ilikuwa Ijumaa, na mashua ilikuwa ya Luteni.

Luteni hakuwa mbaya kuliko maofisa wenzake wa Kizungu. Alikuwa ameoa hapa, amesilimu, ana jina la Kiislamu ambalo mkwewe alimchagulia. Mashua yake nyeupe ilikuwa mpya kwetu, na tezi lake lilining'inia nyuma juu ya maji kama mkia. Mkia ule ndio kipimo muhimu. Ukiwa mrefu, sehemu ya mashua iliyolala majini ni fupi, na chombo kifupi majini hutarajiwa kwenda polepole. Tulifika kwenye mkia wakati mwadhini wa msikiti wa Ijumaa alipoanza. Luteni mwenyewe ndiye aliyetuharakisha. Alikuwa amevaa kanzu tayari. Alisema tumalize, tusikose sala mbele ya mkwewe. Mpimaji aliteremsha timazi, akatazama utepe, akasema, "Telo amby sivifolo," akaanza kuvaa viatu. Nilisikia tatu, nikasikia tisa. Nikaandika tatu, nikaandika tisa. Tukaenda kusali.

Nambari ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko Luteni alivyotazamia. Msimu ule alitangulia mara nyingi na hakushinda hata mara moja. Katika mashindano ya kwenda Mutsamudu, kisiwani Nzwani, aliingia bandarini saa nzima kabla ya daktari, akashindwa kwa dakika nne. Nilikuwa gatini Mutsamudu na saa ya kusimamisha. Ni mimi niliyemwambia.  Alikunja tanga lake mwenyewe, polepole, akakataa kusaidiwa.

Mwezi uliofuata mdogo wake Mpimaji alikamatwa. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na ndani ya mtoto wa meza yake ilikutwa karatasi moja ya kuwatukana Wazungu wa kambini. Hakuiandika. Inawezekana hata hakuisoma hadi mwisho. Alipelekwa kambini kwao, na watu waliokwenda huko walirudi au hawakurudi bila mtu kueleza kwa nini. Mpimaji alipeleka chakula langoni kila siku ya pili, na kila siku ya pili sufuria ilirudishwa tupu, hakujua nani aliyekula.

Luteni alikuja ofisini kwetu Jumatatu moja asubuhi. Nilikuwepo, nikaendelea kupanga bahasha. Alikaa bila kukaribishwa, akaongea kwa upole.

"Nambari yangu ina kosa," alisema. "Nataka mashua ipimwe upya. Na nimesikia una mdogo wako kule kwetu. Mambo haya mawili tunaweza kuyamaliza kwa siku moja."

Mpimaji alifunika kalamu. "Kama ni mashua, iandikie kamati barua. Kama ni mdogo wangu, hapa sina utepe wake."

"Fundi, ninakuomba jambo dogo."

"Ndiyo maana nashangaa umelileta limefungwa na kubwa."

Luteni alicheka, akampa mkono, akaondoka. Barua hakuandika. Nadhani aliona aibu kuomba kwa karatasi alichokwisha kukiomba kwa mdomo.

Sijui kama angetimiza. Ninachojua ni kwamba mwalimu mmoja alitoka katika kambi ile siku chache baada ya mjomba wake kumwachia ofisa shamba la milangilangi. Dada yake Mpimaji alijua hilo pia. Alikuja akakaa katika ua wa klabu, amejitanda shiromani, akamwambia kaka yake mbele yetu kwamba mtoto wa mama yake anaozea ndani kwa sababu ya mchezo wa Wazungu. Angeandika walichotaka, nani angekufa? Mpimaji alimjibu kwamba wakipewa nambari leo, kesho watataka kingine, na siku watakayomtaka aandike jina la mtu badala ya nambari, atakuwa ameshasahau namna ya kukataa. Dada alisema maneno hayo ni mazuri, akamwomba akayaseme langoni wakati wa kupokea sufuria.

Sisi wa klabu tulimwona shujaa. Mimi ndiye niliyeisimulia habari ile kwanza, na ilipanda hadi Mvouni, ikafika kijijini kwa baba yake. Ijumaa moja, katika uwanja ule alimokuwa akisimamishwa, mzee mmoja alivuta kanzu yake, akamsogezea nafasi katika benchi la watu wazima. Hakuwa ametoa ng'ombe hata mmoja. Alinieleza jambo hilo kwa sauti ya chini sana, akaniuliza kama nadhani alipaswa kukaa.

"Ulikaa?"

"Nilikaa."

Mdogo wake aliachiwa baada ya miezi kumi na moja, bila maelezo, kama alivyokamatwa. Alihamia Mutsamudu, kwenye nyumba ya mkewe.

Miaka ilipita, wale askari wakaondoka, na klabu ikafa kwa sababu wenye mashua walikuwa wao na rafiki zao. Niliachiwa kazi ya kufunga makaratasi. Ndipo nilipokutana na ukurasa wa mashua ya Luteni, kwa mwandiko wangu: mkia, sentimita 39. Picha ya mashua ile ilikuwa bado ukutani. Mkia wa sentimita 39 haukuwa mkia ule. Nilikaa chini. Nilisikia tena sauti chini ya tezi, nikasikia viatu, nikasikia adhana. Tatu juu ya tisini. Nilifanya hesabu yote upya usiku na mchana ule, mara tatu, na kila mara Luteni alishinda Mutsamudu. Alikuwa ameomba haki yake. Angepimwa upya kwa uaminifu mtupu, bila Mpimaji kusema uongo hata wa nusu sentimita, nambari ingeshuka, na lango lile labda lingefunguliwa.

Nilitembea na ukurasa ule mwaka mzima. Nilikuwa nimepata kazi ya kutafuta habari redioni, na kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Mutsamudu kuuliza juu ya bandari mpya. Nikaambiwa Mpimaji yuko mjini, kwa mdogo wake, anatengeneza mlango.

Nyumba ilikuwa ndani ya mji wa kale, mahali ambapo vichochoro ni vyembamba hata watu wawili hupishana kwa ubavu. Alikuwa amezeeka vizuri. Viatu vilevile. Mdogo wake alikuwa ameenda kununua mkate, kwa hiyo tulikuwa peke yetu, na niliona nisipoutoa ukurasa wakati ule sitautoa tena. Nilimpa.

Aliutazama muda mfupi kuliko nilivyotarajia.

"Tisini na tatu," alisema.

Nikaanza kuomba msamaha. Nilisema kalamu ilikuwa yangu, kosa ni langu, nimekuja kulibeba. Alinyanyua mkono.

"Luteni alikuja Jumatatu. Jumatano yeye alikuwa kazini kambini, nikaenda kwenye mashua yake na timazi, peke yangu. Nikapima mara mbili. Tisini na tatu."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Ulijua? Mdogo wako akiwa bado ndani?"

"Nilijua." Alikunja ukurasa kwa mistari yake ya zamani. "Ungeniona Alhamisi nabadilisha nambari ya Luteni, halafu Ijumaa mdogo wangu anatoka. Wewe ungeamini nini?"

Nilitaka kusema ningemwamini. Nilimjua miaka tisa. Lakini nilikuwa mbele ya mtu anayeuliza kuanzia wapi hadi wapi, na jibu la kweli lilikuwa kwamba nisingemwamini, wala benchi la kijijini lisingemwamini. 

"Umeona," akasema.

Mdogo wake aliingia na mikate kwapani. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, na mkono wa kulia vidole viwili havikujikunja. Alinikumbuka, akafurahi, akamwita mkewe alete kahawa. Na kabla kahawa haijafika alikuwa ameshaanza. Alinisimulia mimi, niliyekuwepo, namna kaka yake alivyomkatalia Luteni. Alisema mle ndani, siku mbaya, alijiambia: angalau mtu mmoja katika kisiwa hiki hajanunuliwa, naye ni wa tumbo la mama yangu. Alisema wengine walitoka na hawawezi kuwatazama ndugu zao machoni, kwa sababu wanajua walitolewa kwa nini. Yeye anamtazama wake. Alimgeukia kumtazama.

Mpimaji alikuwa ameushika ukurasa kwa mikono miwili.

"Msomee," aliniambia.

"Kaka, asome nini?"

"Msomee. Mimi sina sauti."

Nilisoma. Nilieleza Ijumaa ile, Kimalagasi, tatu na tisa. Mdogo mtu alisikiliza huku akitabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mahali pa kuchekea.

"Basi yule Mzungu alikuwa na haki?" aliuliza.

"Katika mashua, alikuwa nayo," nikasema.

"Ah. Kosa." Aliweka mikate mezani. "Kila mtu hukosea. Kaka hakujua."

 Mkewe alileta kahawa, akatutazama sote watatu, akaiweka chini akarudi ndani.

"Kaka, ulijua lini?"

Mpimaji alimtajia siku. Alimtajia Jumatano, na mwezi, na mwaka, na kwamba ilikuwa kabla ya alasiri, maji yakiwa yametulia.

Mdogo wake alitazama mkono wake wa kulia. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, kuanzia Jumatano ile, polepole, akitaja kila mwezi kwa jina. Alipofika kwenye viwili visivyojikunja alivigusa kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, akaendelea. Mpimaji alikuwa na jumla tayari, nilimwona usoni kuwa anayo. Alimwacha ahesabu mwenyewe.